Fundi Aliyekufa kwa Kamusi

Kisa hiki alinisimulia mshonaji wa mtaani kwetu, mwaka jana, siku niliyompelekea gauni langu alipunguze mikono. Alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, na kila alipofika penye uchungu alisimamisha gurudumu kwa kiganja, ananitazama, kisha anaendelea. Mikono miwili ya gauni ilichukua asubuhi nzima. Nami nawaandikia ninyi wajukuu kama alivyonipa, bila kuongeza chumvi, maana chumvi ilikuwa imeshajaa humo.

Nyumba ya tatu kutoka kwa mshonaji aliishi mama mmoja mfasiri na binti yake wa miaka kumi na miwili. Mama huyo alisoma miaka minne katika nchi ambayo watu wake huzungumza Kihispania, na lugha ile ikamkaa kichwani mpaka leo. Kazi yake aliifanya nyumbani, kwenye meza iliyo kando ya dirisha. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikijenga matangi makubwa ya maji mbali na mji, mwendo wa saa mbili kwa gari. Msimamizi wa kambi ile alikuwa mgeni aliyejua Kihispania tu. Wakubwa wa kampuni walisoma Kiingereza tu. Katikati yao alikaa mama mfasiri na kamusi yake.

Kila asubuhi saa tatu, msimamizi alituma kwenye simu ya mama taarifa ya mahudhurio: nani yupo kazini, nani hayupo, na kwa nini hayupo. Nani mgonjwa, nani yuko likizo, nani ameomba ruhusa akamwone mtoto aliyezaliwa, nani ni zamu yake ya kupumzika. Mama aliigeuza taarifa hiyo kuwa Kiingereza ambacho mtu akisoma haoni kama kimetoka lugha nyingine, kisha akaituma ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, lakini siku nyingine neno moja tu lilimkalisha nusu saa, amejishika kidevu.

Binti yake, mtaa mzima ulimwita Najua. Na jina alilitafuta mwenyewe. Ukimwambia, "Chai ina moto," anakujibu, "Najua," na huku ameshaungua. Ukimwambia, "Umevaa sweta nyuma mbele," atasema, "Najua," kisha anajifungia chumbani kuigeuza. Mwalimu wake siku moja alimwambia, "Mwanangu, hata mimi mwalimu sijui kila kitu." Akamjibu, "Najua, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka kengele.

Kihispania alikijua kidogo. Mama alikuwa akimfundisha jioni, siku za wiki, kuhesabu, mkate, maji, nenda, rudi. Najua akaona hayo yametosha. Alikuwa akimwambia rafiki yake, mtoto wa mshonaji, "Ile kazi ya mama hata mimi naiweza, basi tu hanipi." Rafiki huyo walimwita Pini, kwa sababu kola yake haikukosa pini za kushonea, na baba yake Pini ndiye aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule kambini. Kambi nzima ilikuwa na fundi wa kuchomelea mmoja, yeye.

Sasa, ilikuwa Jumatano, shule zimefungwa, na kesho yake Alhamisi ilikuwa sikukuu. Mama mfasiri aliamka na shavu limevimba kama amebana limau zima. Jino lilikuwa likimsumbua siku ya tatu na maneno yake yalitoka nusu nusu.

"Nakwenda kuling'oa," alisema. "Simu naiacha kwenye chaji, imekufa kabisa. Taarifa ya kambini ikiingia, usiiguse. Nikirudi nitaifanya mwenyewe."

"Najua, mama."

"Ofisini wakipiga, waambie ukweli. Mama yuko kwa daktari wa meno."

"Najua."

"Nimesemaje?"

"Nisiiguse."

"Haya," mama akasema, akajifunga mtandio shavuni, akaenda.

Taarifa iliingia saa tatu kamili. Saa tatu na nusu ukaingia ujumbe mwingine, wa afisa wa wafanyakazi wa mjini: "Mama, tunasubiri taarifa. Leo tunafunga mapema." Najua akautazama ule ujumbe. Kwa daktari wa meno ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Angeweza kwenda. Angeweza hata kujibu maneno mawili, mama hayupo. Lakini alijiona amekaa pale mezani, kazi imeisha, mama anaingia na jino mkononi anasema, "Kumbe naye anaweza!" Akavuta kiti.

Taarifa ilikuwa fupi, mistari minne:

*Hoy una baja: el soldador. Vuelve al trabajo el lunes. Libran dos conductores. El viernes hacemos puente.*

*Hoy* ni leo, hilo alilijua. *Una* ni moja. *Soldador* ni fundi wa kuchomelea, alishalisikia mara nyingi. Lililobaki ni *baja*. Akafungua kamusi, ile nene ya mama yenye jalada lililobandikwa gundi. Neno lilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Maana ya kwanza ilisema kushuka, kama bei inavyoshuka. Akairuka, maana hapa hakuna bei. Maana ya pili ilisema askari aliyepotea vitani, ama kwa kuuawa ama kwa kujeruhiwa. Hapo ukurasa ukaisha. Maana ya tatu ilikuwa nyuma yake, juu kabisa, na ilihitaji kufunua karatasi moja tu.

Hakufunua. Kidole chake kiliganda pale kwenye "kuuawa". Leo, mmoja amekufa. Fundi wa kuchomelea.

"Baba yake Pini," alisema kwa sauti, peke yake chumbani.

Hapo ndipo mtoto mwingine angekimbia kumwita mama. Yeye aliona habari kubwa namna ile haiwezi kusubiri, na mwenye kuijua ni yeye peke yake. Akaendelea. *Vuelve* ni anarudi. *El lunes* ni Jumatatu. Lakini katikati palikuwa na *al trabajo*, na hilo pia alilijua vizuri: kazini. Anarudi kazini Jumatatu. Maiti anarudije kazini? Najua akakuna kichwa. Akaamua msimamizi ameandika ovyo, alitaka kusema mwili utaletwa Jumatatu. Lile neno "kazini" akaliacha nje.

Yaliyobaki aliyamaliza kwa mbio. Kamusi ilisema *librar* ni kuokoa au kuachilia huru, basi akaandika madereva wawili wameachiliwa. *Puente* ni daraja, basi Ijumaa wanajenga daraja. Akayapanga yote kwa Kiingereza, akaweka mwisho jina la mama kama mama afanyavyo, akatuma.

Hazikupita dakika mbili, simu ikaita. Afisa wa wafanyakazi. Najua akaitazama simu inavyotikisika juu ya meza. Kwenye sahani palikuwa na kipande cha mkate wa asubuhi. Akakisukuma shavuni, akapokea.

"Haloo," akasema kwa sauti ya mtu mwenye jino.

"Mama mfasiri? Mama, hii taarifa! Fundi wetu amefariki?"

"Ndiyo."

"Una hakika, mama? Umeisoma vizuri? Maana mke wake yuko mtaani kwenu hapo, mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia."

Wajukuu zangu, mlango wa kutokea ulikuwa hapo, wazi kabisa. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Subiri, afisa, mama hayupo." Mkate ulimjaa mdomoni.

"Nina hakika," akasema.

Alipokata simu akatema mkate, akakaa sakafuni. Mlango ukagongwa. Alikuwa Pini, na kamba ya kuruka shingoni.

"We Najua, toka nje, kuna kivuli kizuri pale ukutani."

"Siwezi. Kichwa kinauma."

"Kichwa chako kimejaa, ndiyo maana." Pini akacheka, akaegemea mlango. "Baba anakuja kesho. Kapewa mapumziko mpaka Jumapili. Kasema kiatu changu kile cha kushoto atakitia gundi yeye mwenyewe, nisimpelekee fundi viatu. Mbona unanitazama hivyo?"

"Sikutazami."

"Unalia?"

"Kitunguu," Najua akasema. Nyumbani kwao siku hiyo hapakuwa na hata kitunguu kimoja.

Pini akainua mabega, akaenda zake akiruka kamba. Najua alisikia miguu yake ikipiga chini, tap, tap, tap, mpaka kona.

Saa nne na nusu gari la kampuni likasimama mbele ya nyumba ya mshonaji. Afisa akashuka na kofia mkononi. Mshonaji aliniambia kwamba alipoona tu ile kofia imevuliwa, mguu wake ukakanyaga pedali wenyewe na sindano ikapita ukuchani kwake, na hakusikia maumivu.

Afisa yule hakuwa mtu mbaya. Shida ni kwamba njiani alikuwa ameisoma taarifa mara nne na kichwa chake kikaiunganisha. Mmoja amekufa. Madereva wawili wameachiliwa, maana yake walikuwa wamekamatwa. Na Ijumaa wanajenga daraja, maana yake daraja la kuingilia kambini limeanguka. Kwa hiyo akamweleza mama wa watu, taratibu na kwa heshima, kwamba gari limeanguka na daraja, mumewe alikuwa ndani, madereva walishikwa wakaachiliwa, na mwili utaletwa Jumatatu.

Kilio kilichotoka pale kilisikika mpaka nyumba ya tatu. Najua alisimama dirishani, ameshika pazia. Akaona majirani wanatoka mmoja mmoja, mwingine na mikono yenye povu la sabuni. Akaona viti vinatolewa nje. Akaona mtu ameshika daftari la simu, anapigia ndugu mmoja baada ya mwingine. Akamwona Pini amesimama katikati ya watu na kamba yake shingoni, halii, anageuza shingo huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumwambia si kweli.

Najua akarudi mezani kuisoma tena taarifa. Safari hii alisoma polepole. Anarudi kazini Jumatatu. Neno alilolitupa lilikuwa bado lipo palepale kwenye simu. Akashika kamusi akafunua ile karatasi moja. Maana ya tatu: mtu kutokwenda kazini kwa kuumwa, kwa idhini ya daktari.

Mshonaji anasema hajawahi kuona mtoto anakimbia namna ile. Alifika na simu mkononi, hana viatu, na wakati uleule mama yake naye alikuwa anaingia kutoka upande wa pili wa njia, ameshangaa, mtandio shavuni na pamba mdomoni. Daktari alimpiga sindano ya ganzi na uso wote wa kulia ulikuwa umelala.

"Huyu hapa mama mwenyewe!" afisa akasema. "Jamani, mimi siwezi kuzusha msiba. Nilimpigia simu nikamuuliza una hakika, akaniambia ana hakika. Sema, mama."

Watu wote wakageuka. Mama mfasiri akatikisa kichwa. Akafungua mdomo, kikatoka kitu kama "fifuffu", na pamba ikaanguka. Akajaribu tena. Hakuna neno hata moja lililosimama.

"Anakataa sasa!" mtu akasema nyuma.

"Aone aibu! Kwanza kampa afisa taarifa, sasa anajifanya bubu!"

"Mwacheni, huenda naye amechanganyikiwa."

Mshonaji alikuwa amekaa chini, nguo ya mteja imemfunika magoti. Akamtazama mama mfasiri, jirani yake wa miaka tisa, akasema kwa sauti ndogo, "Dada. Amekufa au hajafa?"

Mama mfasiri akamwonyesha shavu lake lililovimba.

"Si mama," Najua akasema.

Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya kiti.

"Si mama! Ni mimi! Mama alikuwa anang'oa jino. Simu nilipokea mimi, niliweka mkate mdomoni. Taarifa nimeitafsiri mimi na nimeikosea. Haikusema amekufa. Imesema anaumwa, anarudi kazini Jumatatu. Neno kazini nililiona, nikaliacha."

Yule wa povu la sabuni akaacha kujifuta. Mama yake alimnyang'anya simu, akasoma ile mistari minne, na macho yakamtoka. Akachukua chaki ya mshonaji iliyokuwa juu ya cherehani, akaandika juu ya kipande cha kitambaa cheusi maneno ya Kihispania, akabonyeza namba ya msimamizi, akamsukumia Najua simu. Kidole chake kilisema: soma.

Najua akasoma, neno kwa neno. "*¿Está vivo el soldador?*"

Simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Kule upande wa pili msimamizi akafoka kama aliyetukanwa: "*¿Vivo? ¡Si está comiendo!*"

"Amesema nini?" Pini akauliza.

"Nimemuuliza kama fundi yu hai," Najua akasema. "Amesema anakula."

Ikasikika mikwaruzo, kisha sauti ya mwanamume, mdomo umejaa. "Haloo? Nani huyo? Kuna nini huko, nasikia makelele."

"Mume wangu!" mshonaji akapiga ukelele. "Umekufa!"

"Nani kafa?"

"Wewe!"

"Mimi? Mbona hawajaniambia?"

"Kama ni wewe kweli," mshonaji akasema, amesimama sasa, amekunja ngumi, "niambie tuligombania nini asubuhi uliyoondoka."

"Taulo. Na taulo ni langu."

"Ni lako! Chukua! Chukua taulo!" Akamwangukia Pini shingoni, na hapo ndipo mtoto akaanza kulia.

Mambo yenyewe yalikuwa madogo. Fundi alikuwa amechomelea jana yake bila kuvaa kinga ya macho, "kwa dakika moja tu," alivyodai. Usiku macho yakawasha kama yametiwa mchanga. Daktari wa kambi akamwekea dawa, akamfunga kitambaa, akamwambia asifanye kazi mpaka Jumatatu wala asitazame simu. Simu akaizima. Ndiyo maana waliojaribu kumpigia asubuhi ile hawakumpata.

Afisa wa wafanyakazi akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Na lile daraja?" akauliza.

Mama mfasiri, ambaye midomo ilikuwa inaanza kuamka, akatoa maneno ya kwanza yaliyoeleweka siku ile. "Hakuna daraja. Kwao siku ya kazi ikibanwa kati ya sikukuu na mwisho wa wiki, wanaiacha, wanapumzika moja kwa moja. Wanasema wamejenga daraja, kuvuka kutoka Alhamisi hadi Jumamosi."

"Na madereva walioachiliwa?"

"Ni siku yao ya kupumzika."

"Mungu wangu," afisa akasema. "Nimemwambia mkurugenzi kwamba walikamatwa."

Watu wengine walicheka. Mshonaji hakucheka. Alimwita Najua mbele yake, akamshika mabega, na macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Nilikuwa mjane kwa saa nzima," alisema. "Unajua saa nzima ni ndefu kiasi gani?"

Najua akatikisa kichwa. "Sijui, shangazi."

"Haya. Ndugu kumi na mmoja wamepigiwa simu, wote wanalia huko waliko. Wengine wameshapanda basi. Utawapigia wewe. Mmoja mmoja. Na usimwambie yeyote kwamba palitokea hitilafu. Utasema ni nani aliyekosea."

Najua akapiga simu zote kumi na moja, amekaa juu ya kile kiti, mama yake amesimama nyuma. Kila mara alianza hivi: "Shikamoo. Mimi ndiye niliyesababisha uambiwe fundi amefariki. Nilikosea. Yu mzima." Wawili walimtukana. Mmoja alimshukuru mpaka Najua akaona afadhali angetukana. Mjomba wa Pini aliuliza, "Nimeshaomba ruhusa ya msiba siku tatu, bosi kanipa na pole juu. Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie... mwambie ukweli, mjomba. Kwamba kuna mtoto alidanganya kwamba anajua."

"Hm," mjomba akasema. "Hata nikimwambia hilo hataamini."

Afisa hakuondoka mpaka simu ya mwisho. Alimwambia mama mfasiri waziwazi kwamba wakubwa watauliza, na kwamba yeye atasema kila kitu, pamoja na kwamba yeye mwenyewe alisikia sauti imebanwa na hakushtuka. "Kazi yako ipo," alisema, "ila kuanzia leo, habari ya mtu kuumia au kufa tutaisoma pamoja, wewe na mimi, uso kwa uso, kabla haijatoka mlangoni."

"Na mimi nina kosa," mama akasema. "Miaka mitatu natafsiri likizo za watu wengine, na leo nimetoka kazini bila kuwaambia kwamba sipo. Kama ningesema jana, msingesubiri taarifa."

Afisa akatuma gari likamlete fundi. Mama na binti wakarudi nyumbani, wakakaa mezani. Mama akaweka simu katikati yao. "Tuifanye upya," akasema.

Wakaifanya pamoja, mstari kwa mstari. Mama alimwonyesha jinsi Kiingereza kinavyosema mtu huyo yuko "off sick", madereva wana "day off", na lile daraja linageuka kuwa "long weekend", wikiendi ndefu, bila daraja lolote ndani yake. "Huwezi kubeba neno kama tofali ukaliweka ukuta mwingine," akasema. "Unauliza kwanza mwenyewe alitaka kusema nini."

"Kwa nini wao waliweka neno moja kwa mgonjwa na kwa aliyekufa?" Najua akauliza.

"Sisi je? Nikikwambia fundi amepumzika, nimesema nini?"

Najua akafungua mdomo. Neno lake la kila siku likafika kwenye meno, likarudi. Akafikiri.

"Inategemea, mama. Akisema daktari, fundi amejilaza. Akisema mtu anayetangaza msiba... hayupo tena."

"Na utajuaje?"

"Kwa maneno yaliyo jirani yake."

"Sasa sikiliza, mwanangu." Mama alizungumza polepole kwa ajili ya ganzi, na pengine polepole ile ilisaidia maneno kuingia. "Kutojua neno si kosa. Mimi huyu mwenye kamusi silijui neno kila wiki. Kosa lako la kwanza ni kwamba neno moja lilikupigia kelele kwamba umepotea, lile kazini, na ukalitupa ili uongo wako ukae vizuri. La pili ni mkate. Ulipoulizwa una hakika, uliweka sauti yangu mahali ambapo hakika haikuwepo. Mtu anayekuuliza una hakika anakupa mkono utoke shimoni. Ukiwa huna, sema sina. Neno hilo ni fupi, na halijawahi kumuua mtu."

Najua akalia. Mama akamwacha alie, akamletea maji, kisha akamwambia anawe uso, gari limefika.

Ilikuwa saa kumi, jua bado lipo. Fundi alishushwa na dereva, amevaa miwani myeusi, kitambaa kimemning'inia shingoni. "Jamani, marehemu anaomba chai," akasema mlangoni, na mkewe akampiga begani na taulo, kisha akalishika bega lile lile hakuliachia. Najua akasimama mbele yake, akasema alichokwenda kusema. Fundi akainamisha kichwa kumsikiliza.

"Mimi nami nilisema najua," akamjibu. "Daktari kaniuliza kwa nini sikuvaa kinga. Nikamwambia miaka ishirini nachomelea, najua. Haya, tazama." Akainua miwani kidogo. Macho yalikuwa kama nyanya. "Tumefundishwa siku moja, mimi na wewe."

Pini alikuwa amekaa kwenye ngazi na kiatu chake cha kushoto mapajani. Najua akakaa ngazi ya chini yake. Baadaye sana Pini akasema, bila kumtazama, "Ulisema kitunguu."

"Ndiyo."

"Nitakukasirikia mpaka Jumatatu."

"Sawa."

"Halafu tutaruka kamba."

Ndani, fundi alikunywa chai yake, akatiwa dawa ya macho, akaongozwa mpaka kitandani. Mkewe alifunga pazia. Muda si mrefu akaja fundi viatu wa kona ya pili, mzee ambaye habari za asubuhi zilimfikia lakini za mchana hazikumfikia. Amevaa koti lake zuri, uso umekunjamana kwa huzuni. Akasimama chini ya ngazi.

"Poleni sana, wanangu. Fundi wetu... yuko wapi?"

Pini akamtazama Najua. Najua akafungua mdomo aseme amepumzika, akaufunga. Akataka kusema amelala, nalo akalishika kwanza, akaligeuza, akaliangalia pande zote.

"Sina hakika, babu," akasema. "Ngoja nikaangalie."

Akaingia kwa ncha za vidole, akasogeza pazia, akasikiliza, akarudi ngazini.

"Yu hai, babu. Amejilaza kitandani na miwani yake, na usingizi umemchukua sasa hivi. Anakoroma. Ingia umsikie mwenyewe."